Pampu ya Kanisa Iliyokwenda Sericho

Kabla hujafungua sanduku la swichi la kisima chochote, ligonge kwanza. Gonga kwa mpini wa bisibisi, ngoja kidogo, gonga tena, ndipo ufungue. Mle ndani kuna kivuli, na huku kwetu Isiolo kila kiumbe kinatafuta kivuli. Nimewahi kukuta nyuki, nimewahi kukuta nge, na siku moja karibu na Kula Mawe nilikuta nyoka aliyejizungusha kwenye nyaya hata nikamdhani ni waya mwingine, mpaka aliponitazama. Tulitoka mbio sote wawili, kila mmoja na njia yake, na sijui nani alikuwa ameogopa zaidi.

Naanza na sanduku kwa sababu ninyi vijana wa kanisa letu mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu vipaumbele vya Mkristo anayeishi akiikumbuka milele. Nilipokaa kuandika nikaona kwamba mambo ninayoyajua vizuri kuhusu kipi kianze na kipi kifuate nimejifunzia kwenye visima. Nilikuwa fundi wa visima vya mashine maisha yangu yote ya kazi. Kwanza tulikuwa chini ya wizara, kisha kaunti ikaja tukahamishiwa kaunti: ofisi ile ile, viti vile vile, ila gari likapakwa nembo mpya. Mchungaji atawafundisha yaliyoandikwa. Mimi nitawasimulia niliyoyaona, na mengine mpaka leo nayageuzageuza kichwani bila kuyamaliza.

Aliyenifundisha kazi anaitwa Ekai, Mturkana mrefu mwenye sauti ya chini sana, hata ukiwa naye kisimani unalazimika kuzima injini ndipo umsikie. Hakuwa mtu wa kuamrisha. Alikuwa wa kuuliza. "Baba Mwenda," angeniambia, "unafikiri hii pampu inataka nini?" Mwanzoni nilidhani ananichezea. Baadaye nikaelewa kwamba alitaka kujua kweli, na kwamba hata yeye alikuwa anaiuliza pampu swali hilo hilo. Angeweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba na mpini wake kwenye sikio, afumbe macho, asikilize. Kama kuna mchanga, utasikia mkwaruzo. Kama maji yamepungua kule chini, utasikia pampu inakohoa hewa. Siku hizi mna sola, na simu inakwambia kisima kimezima ukiwa bado unakunywa chai. Ni jambo zuri, silikatai, lakini jifunzeni bisibisi pia, kwa maana mtandao ukipotea kule chini Sericho, sikio bado mtakuwa nalo.

Siku moja, tukiwa bado chini ya wizara, mimi na Ekai tuliitwa Leparua. Kisima kilikuwa kimenyamaza. Ndovu walikuwa wamevunja bomba la tanki wiki iliyotangulia wakitafuta maji, kwa hiyo tulipofika tayari tulikuwa na hakika kwamba kuna kitu kikubwa kimeharibika. Tukasimamisha miguu mitatu ya chuma ya kuvutia mabomba, tukafunga cheni, tukavuta mabomba moja baada ya jingine mchana kutwa, jasho likitutoka mpaka ndani ya viatu. Pampu ikatoka nzima, safi, haina hata mkwaruzo. Ekai akaizunguka, akaigusa, akainusa. Kisha akaenda polepole kwenye sanduku la swichi, akalifungua. Mjusi alikuwa amekaa katikati ya vyuma viwili vinavyopaswa kugusana, ameungua, amekauka, na umeme haukuwa na njia ya kupita. Ekai alimtoa kwa vidole viwili, akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mdogo sana kutufanyia hivi," akasema.

Tulicheka mpaka watu wa Leparua wakadhani jua limetupiga. Tangu siku ile hatukuwahi kugusa cheni kabla ya kufungua sanduku, wala kulifungua kabla ya kuligonga. Nilipoanza kufikiria mambo ya imani nikiwa mtu mzima, mjusi huyu alinirudia mara nyingi. Niliona waumini wenzangu wakivuta mabomba mchana kutwa, mikutano, makongamano, majengo, na mara kwa mara nilijiuliza kama kuna mtu amefungua sanduku.

Jambo lingine mnalopaswa kulijua kuhusu pampu ni kwamba hufa. Chukua maji yanayotoka, yasugue katikati ya vidole: ukihisi unga, jua kwamba mchanga unaila. Yaonje: ukionja chumvi, jua kwamba chuma kinaliwa. Umeme unaorukaruka nao huunguza mota. Fundi mzuri huchelewesha tu. Niliwahi kumwambia mkulima mmoja wa vitunguu kule Rapsu kwamba pampu yake mpya itakufa, akanikasirikia kana kwamba nimemtabiria mtoto wake kifo. Lakini ni kweli, na ukweli huu utaukuta tena mbele kidogo.

Sasa nije kwa Mama Kendi. Ninyi mlio wadogo mnalijua tu duka lililoandikwa MUNGU KWANZA kwa rangi ya bluu, lile ambalo siku hizi anakaa binti yake Kendi. Mama Kendi mwenyewe alikuja Isiolo kutoka upande wa Meru akiwa bado mke mgeni, akafungua duka la sukari, mafuta na betri, akawauzia Waborana, Wasomali, Waturkana, Wameru, kila mtu kwa lugha yake au kwa kipande cha lugha yake. Watu walimtania, "Mama Kendi, kama Mungu ni wa kwanza, wewe ni wa pili?" Naye angejibu, "Mimi ni wa mwisho, wewe nunua kwanza utoke mlangoni, kuna watu wanangoja." Alikuwa mkali, alipenda kupanga watu, na alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwa sababu hakuna aliyethubutu kusimama dhidi yake.

Ni yeye aliyeshika wazo la kisima cha kanisa. Mnajua jinsi maji ya mfereji yalivyokuwa yakija mjini kwa zamu, na wakati wa ukame zamu yenyewe ikipotea. Watoto wa nasari ya kanisa walikuwa wanatoka nyumbani na chupa ndogo za maji mikononi, na mwalimu alikuwa anazipanga dirishani kila asubuhi. Mama Kendi alizitazama chupa zile akasema imetosha. Akina mama wakapika chapati, wakafuma sweta, wakauza kuku, wakauza mbuzi. Miaka ikapita. Kisima kikachimbwa nyuma ya nasari, tukapata maji, na mwishowe pampu ikanunuliwa, imefungwa pamoja na mota yake. Mimi ndiye niliyechagua, kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa na fundi, na kwa kuwa kisima kilikuwa kirefu nilichagua pampu yenye nguvu. Askofu akaalikwa kuja Jumapili kuweka wakfu maji. Hema likakodiwa, utepe mwekundu ukanunuliwa.

Pampu ilikaa imelala juu ya magunia ndani ya stoo ya kanisa. Wiki moja kabla ya sherehe nilienda kuiangalia nikaikuta inang'aa. Akina mama walikuwa wamekuja kuiombea, na katika kuomba Mama Kendi alikuwa ameimwagia mafuta ya upako, chupa nzima ya zeituni, kuanzia juu mpaka kwenye kichujio kinachoingiza maji. Halafu upepo wa Isiolo ukafanya kazi yake, vumbi likaingia stoo na kunasa kote. Nilichukua kitambaa na sabuni nikaanza kusafisha. Mama mmoja akapita mlangoni akapiga kelele, "Baba Mwenda, unafuta upako!"

"Sifuti upako," nikamwambia. "Nafuta vumbi. Upako kama upo hautoki na sabuni."

Hakuridhika. Mpaka jioni habari ilikuwa imezunguka soko kwamba mimi nimefuta upako.

Ilikuwa katika siku hizo hizo ndipo Guyo alipopiga simu. Guyo ni Mborana wa Sericho, Mwislamu, na kule kisimani yeye ndiye aba herega, yaani mwenye zamu, mtu anayesema nani anywe kwanza na nani angoje. Ni desturi yao ya zamani kwenye visima vya kuchimba kwa mikono, nao wameileta hata kwenye visima vya mashine. Guyo si mtu mtaratibu. Ana fimbo, ana sauti ya kuvuka mto, na hugombana na kila mtu mpaka maji yaishe. Lakini siku hiyo kwenye simu alikuwa anaongea polepole, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kelele zake zote.

"Fundi," akasema, "mashine imenyamaza. Vijana wa ofisi walikuja, wamesema mota imeungua. Mto umekauka mpaka huko chini. Watu iko hapa, ng'ombe iko hapa, maji hakuna."

Nikamwambia ukweli. Mota ya ukubwa ule haikuwepo kwenye stoo yetu, na kununua mpya kuna njia yake na njia hiyo ni ndefu. Gari la maji lilikuwa linakwenda, lakini gari moja kwa watu wote wale na mifugo yao halifiki mbali. Nikamwomba wavumilie.

"Mimi naweza ngoja," Guyo akasema. "Ngamia inaweza ngoja. Ndama haiwezi. Na hawa mama wako na watoto mgongoni, hao pia hawawezi."

Nilipokata simu nilibaki nimesimama uani nikiwa nimeishika mkononi. Mota ya Sericho niliijua kwa kazi yangu, na ukubwa wake ulikuwa ukubwa wa ile iliyolala stoo ya kanisa. Hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba zinalingana, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa na sababu ya kuzilinganisha.

Vijana, nataka mjue kwamba sikuwa na jibu. Mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu kumtanguliza Mungu yalikuwa yanazungumzia kuacha starehe ili utoe kwa kanisa. Hakuna aliyeniambia la kufanya wakati kanisa lenyewe ndilo linaloshika kitu kinachotafutwa mahali pengine. Je, Mungu wa kwanza ni nyumba yake, au ni yule mama wa Sericho ambaye hata simjui jina? Nilijiuliza kama Ekai: hii pampu inataka nini? Mkubwa wangu kazini nilipomwuliza alisema ofisi itashukuru sana, na kwamba kanisa litarudishiwa ya kwake ununuzi ukikamilika. Lakini alinitazama kama mtu anayejua ununuzi hukamilika lini. Basi nikalipeleka jambo hili kwa kamati ya kanisa kama swali.

Kamati ilikaa mchana ndani ya darasa la nasari, kwa kuwa viti vya kanisa vilikuwa vimepelekwa kuoshwa kwa ajili ya askofu. Tulikalia vile viti vidogo vya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Ukitazama watu wazima wamekaa hivyo ni vigumu kuwaheshimu ipasavyo. Nikawaeleza habari ya Sericho yote.

Mchungaji wetu wa wakati huo, Mchungaji Njogu, mtu wa Kirinyaga, mpole, msomaji sana, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo hata leo siwezi kusema yalikuwa mabaya.

"Ndugu zangu, mimi nawahurumia watu wa Sericho. Lakini hiyo ni kazi ya serikali. Sisi tukianza kutoa vitu vya Mungu kila wakati serikali ikichelewa, tutabaki na nini? Hawa mama wametoa jasho miaka mingi. Hawa watoto wanabeba chupa. Na hiyo pampu imeshaombewa, imepakwa mafuta, imetengwa kwa kazi ya Bwana. Kitu kilichotengwa hakirudi nyuma kikanyweshe ngamia."

Wengine wakaitikia amina, na mimi nikaona kwamba angeweza kuwa na haki. Dirishani, nyuma ya kichwa chake, zilikuwa zimepangwa zile chupa ndogo. Nikamtazama Mama Kendi. Alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo akiangalia sakafu, na nilidhani amekasirika kwamba nimeleta jambo hili wiki ya sherehe yake.

"Baba Mwenda," akasema mwishowe, "nataka kukuuliza kitu cha kazi yako. Hiyo pampu ikiingia chini hapa kanisani, itaishi miaka mingapi?"

"Maji ya hapa ni matamu," nikajibu. "Tukiitunza, itaishi. Labda hawa watoto wa nasari wafike sekondari."

"Na ikienda huko Sericho?"

"Huko kuna chumvi na mchanga. Itafanya kazi kutwa nzima bila kupumzika. Haiwezi kuishi nusu ya hiyo."

Nilidhani nimeshamaliza kesi, na kwamba nimeimaliza upande wa Mchungaji. Mhasibu yeyote angeona hivyo, na hata fundi.

"Kwa hivyo hapa itakufa na huko itakufa."

"Kila pampu hufa, Mama Kendi."

"Basi kama ni kufa tu," akasema, "ifie mahali ilikuwa inatafutwa."

Nje watoto wa nasari walikuwa wanaimba wimbo wa kuhesabu vidole. Mchungaji akakohoa.

"Na upako, Mama? Ni wewe mwenyewe uliimwagia mafuta."

"Ni mimi. Chupa nzima. Na niliomba kwa sauti, hawa mama walinisikia. Nilisema, Bwana, hii kitu ipatie watu maji. Sikumwambia ni watu gani."

Halafu akaanza kulia. Si kulia kwa kelele, machozi tu yalikuwa yanashuka naye anayafuta kwa upande wa leso kana kwamba yanamsumbua. Alikuwa amekitaka kile kisima kuliko sisi sote. Nililiona hilo, na moyo wangu uliniuma pamoja naye. Alitaka kusimama, lakini kiti cha nasari kilikuwa kimemkamata, akanyanyuka nacho, na ikabidi Mchungaji Njogu amshike mkono huku mimi nikivuta kiti. Kamati nzima ilicheka na kulia pamoja.

"Nitamwambia nini askofu?" Mchungaji akauliza akiwa bado amemshika mkono.

"Mwambie ukweli," Mama Kendi akasema. "Ukishindwa, mwambie ni mimi."

Tukaipakia pampu kwenye lori la kaunti, mabomba juu, miguu mitatu pembeni, tukashika njia ya Garba Tula na kuendelea. Ekai alikuwa ameshastaafu lakini aliposikia akapanda lori bila kuulizwa, akakaa nyuma na pampu. Tulipofika Sericho niliona mitungi ya njano kabla sijaona watu, imepangwa mstari mrefu kutoka kisimani, kila mmoja umefungwa kitambaa cha rangi yake ili mwenyewe aujue. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini mwa tanki tupu. Ng'ombe walikuwa wamesimama tu. Kelele ya ng'ombe wenye kiu huwa inasikika mbali, na hawa walikuwa wameacha kupiga kelele.

Ekai akagonga sanduku. Akangoja. Akagonga tena, akalifungua, akalichungulia vizuri, akanitazama akatikisa kichwa: hakuna mjusi. Tukavuta ile pampu yenye mota iliyoungua, tukashusha ya kanisa. Guyo alisimama juu yetu muda wote. Wakati tunafunga kebo aliinama akainusa pampu.

"Fundi, hii inanuka mafuta."

Nikamweleza. Nikamwambia akina mama wa kanisa waliiombea wakaimwagia mafuta, na nilijaribu kuosha lakini kumbe yameingia ndani. Niliogopa kidogo. Nilifikiri labda atasema watu wake hawatakunywa maji yaliyopita hapo.

"Mafuta gani?"

"Ya zeituni."

Guyo akafikiri. "Zeituni ni nzuri," akasema. "Hata sisi tunaiheshimu. Fungeni haraka."

Maji yalipokuja yalikuja kwanza na tope jekundu, kisha yakasafika. Ndipo nikaona kazi ya mwenye zamu. Watu wote walisogea mara moja, na Guyo akapiga kelele moja wakasimama. Mitungi kwanza, na katika mitungi, mama wenye watoto wachanga. Halafu ndama na wanyama waliolala chini wasioweza kusimama, hao walipelekewa kwa karai. Halafu mbuzi na kondoo. Halafu ng'ombe. Mzee mmoja mwenye kanzu nzuri alijaribu kupitisha ng'ombe wake kabla ya mbuzi wa mjane fulani, na fimbo ya Guyo ikatua mbele ya miguu yake. Nyuma kabisa, mbali, kulikuwa na kundi la ngamia wamesimama wametazama upande mwingine kana kwamba mambo haya hayawahusu.

"Wale ngamia ni wa nani?" nikamwuliza.

"Yangu."

"Wewe ndiye mwenye zamu na wako wako mwisho?"

"Yangu ikiwa mbele, nani atanisikia?" Alinijibu kwa hasira, bila kunitazama, kwa sababu mtu mwingine alikuwa anasukuma mtungi. Sikumwuliza zaidi, alikuwa na kazi. Lakini nilikaa juu ya bomba nikiwatazama wale ngamia mpaka zamu yao ikafika.

Tulirudi Jumapili yenyewe. Guyo alitupa mtungi mmoja wa maji, ameufunga gunia lililoloweshwa ili yabaki baridi, akasema, "Hii ni ya ile mama ya mafuta." Lori likaingia uwanja wa kanisa ibada ikiwa imeisha na watu wamehamia nyuma ya nasari chini ya hema. Mimi nilikuwa na ovaroli yenye grisi na vumbi la njia nzima. Askofu alikuwa amesimama mbele ya kisima kilichofunikwa kifuniko cha chuma, utepe umefungwa pande mbili, na nikasikia anauliza, "Sasa maji yenyewe yako wapi?"

Mchungaji Njogu alimtazama Mama Kendi. Mama Kendi aliniona nikishuka na mtungi. Alichukua ile glasi ya mgeni wa heshima iliyokuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, akamimina maji ya Sericho, akampa askofu kwa mikono miwili. Askofu akanywa, uso wake ukajikunja.

"Yana chumvi!"

"Ndiyo, baba askofu," Mama Kendi akasema. "Na kuna watu walikuwa wanakosa hata hayo. Pampu yako iko huko."

Mchungaji akasimulia yote, na kwa sifa yake niseme kwamba hakumtaja Mama Kendi kama mkosaji wala hakujitaja yeye kama shujaa. Askofu akasikiliza na glasi mkononi. Alipomaliza kusikiliza akainywa yote mpaka chini, polepole. Kisha akakata utepe, akaufunga kwenye mkono wa mtungi, akaniambia niurudishe ulikotoka.

Msifikiri kila mtu alipiga makofi. Familia moja ilihama kanisa wakisema tumewachezea. Wazazi wa nasari walinung'unika, na kwa haki, kwa maana chupa ziliendelea kupangwa dirishani kwa muda mrefu, na kisima chetu kikabaki na kifuniko ambacho watoto walikigeuza meza ya kuchezea kalongolongo. Ofisi ilichelewa kama nilivyotarajia. Baadaye sana tukapata pampu ndogo, ndiyo hiyo mnayoitumia, na bomba linalovuja pale nje nawaona mkiliruka kila Jumapili badala ya kulibadilisha mpira. Mama Kendi alikuwa anapita mbele ya kile kifuniko kila siku akienda dukani. Sikuwahi kumsikia akijuta, ila mara moja nilimwona amesimama hapo, ameweka mkono juu ya chuma, na nikapita upande wa pili ili nisimwingilie.

Kila nilipoenda Sericho niliuona ule utepe. Guyo aliufunga kwenye mlango wa sanduku la swichi. Ulianza mwekundu, ukawa wa waridi, ukawa mweupe, mwishowe ukabaki uzi. Na pampu ilifanya kazi. Nilisikiliza kwa bisibisi nikausikia mchanga ukiila, mwaka baada ya mwaka, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kuichelewesha. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza mambo ya milele kwa namna ambayo hakuna mahubiri yalinifikisha. Chuma kinaliwa, utepe unaliwa, hata mimi magoti yangu yalikuwa yanaliwa. Sasa ni kitu gani katika habari hii yote ambacho chumvi haikifikii? Nina mawazo yangu, lakini sitawapa. Ninyi ndio mlioniuliza, nami nawarudishia swali.

Ilikufa muda mfupi kabla sijastaafu. Nilienda mwenyewe kuitoa. Mapanga ya ndani yanayozunguka yalikuwa yamekwisha kabisa, membamba kama karatasi, na nikashangaa iliwezaje kusukuma maji hata wiki ya mwisho. Safari hii ofisi ilikuwa na nyingine tayari, na kabla ya jioni maji yalikuwa yanatoka tena. Tulirudi na ile ya zamani nyuma ya lori.

Nilipofika mjini niliambiwa Mama Kendi amezidiwa. Nikaenda moja kwa moja, na ovaroli yangu, nikapita dukani nikaingia chumba cha nyuma alikolala. Alikuwa amebaki mdogo sana kitandani, na nilikaa kando yake, kwa maana nilikuwa nampenda kama dada yangu na niliona kwamba anaenda.

"Baba Mwenda," akasema bila kufungua macho, "ile pampu yetu iko aje?"

Nikafikiria kumdanganya. "Imekufa, Mama Kendi. Nimeitoa jana."

"Imefia wapi?"

"Sericho. Ikiwa kazini. Asubuhi hiyo ilikuwa imejaza tanki."

Nikasikia pumzi yake inavyokwaruza kifuani. "Sawa," akasema. Akafungua macho, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, vumbi lote lile.

"Umepewa chai?"

"Bado, Mama. Usijali."

"Kendi!" Sauti ilitoka ndani ya kile kifua ambacho nilidhani hakina tena sauti, hata wateja dukani wakanyamaza. "Kendi! Mtu ametoka Sericho, amekaa hapa, na hajapewa chai!"